Umeshaitwa TANAPA?

Mhitimu wa masomo ya wanyamapori akirudi nyumbani kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) au Chuo cha Wanyamapori Mweka, hukutana na swali hilo, yaani kama Shirika la Hifadhi za Taifa limemwita kazini, kabla hata hajatua begi. Wazazi wanalo, majirani wanalo, na mwenyewe analo moyoni.

Wanaolishikilia wana hoja nzito. TANAPA, TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro zina mshahara wa uhakika na pensheni, na kwa familia iliyouza ng'ombe kulipa ada, hilo si jambo dogo. Lakini nafasi ni chache, na tangu taasisi hizo ziingie mfumo wa jeshi usu, yaani wa nidhamu ya kijeshi, kazi huanza na mafunzo ya kijeshi, kisha doria. Doria ni kazi ya heshima na imeokoa tembo wengi. Ila aliyesoma miaka 3 jinsi ya kuhesabu na kufuatilia wanyama anaweza kubeba bunduki muda mrefu kabla ya kushika daftari la takwimu.

Wengine husema nenda kwenye utalii au mashirika. Huko kipato chaweza kuwa kizuri, bakshishi za dola zikiwemo. Lakini masika magari hulala, mwaka 2020 korona ilifukuza watalii, na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi ya uhifadhi iliyoitegemea ilikwama.

Kinachoniuma ni kwamba pande zote mbili zinasahau ardhi ya vijiji. Ushoroba wa Kwakuchinja, njia ya wanyamapori kati ya hifadhi za Tarangire na Manyara, unapita kwenye mashamba na malisho ya watu. Mkulima anaamka na kukuta mahindi yamelala chini, nyayo pana kama sinia zimezama kwenye matuta. Ili apate kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa, afisa wanyamapori wa wilaya lazima aarifiwe, afike, akague, ajaze fomu, na wilaya nzima inamsubiri yeye. Mhitimu angeweza kukaa hapo, ajue tembo hupita lini na wapi, na kama uzio wa pilipili na oili chafu au mizinga ya nyuki itafaa kuwazuia.

Kazi hiyo ipo, mshahara wake ndio haujatengwa. Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori (WMA) ya Burunge, inayoundwa na vijiji na iliyo kati ya hifadhi hizo mbili, hupata mapato ya utalii, na kwangu mtaalamu wa namna hii angestahili kuwa kwenye bajeti za jumuiya na halmashauri kama walivyo askari wa doria. Anayemaliza mwaka huu aombe gwanda, sawa, lakini mafunzo ya vitendo akayafanyie kijijini, aketi kwenye mkutano ambako wazee bado wanawaita tembo hao "tembo wenu", yaani wa watu wa hifadhi.