Msinielezee Japani ya Matcha, Nimeinywa ya Birika

Kila nikisema niliwahi kuishi Japani, swali huwa ni lile lile: ulikunywa ile chai ya kijani ya unga, ya kupiga magoti na kuzungusha bakuli? Nilikunywa, mara mbili, na mara zote mbili miguu ilikufa ganzi kabla bakuli halijanifikia. Sina ugomvi na matcha. Ninachokataa ni hii habari kwamba chai ya Wajapani ndiyo hiyo basi, na kwamba mila yao inaishi kwenye vyumba vya kimya, kwa watu waliovaa hariri.

Chai iliyonikaa moyoni ilikuwa kwenye birika kubwa la alumini lililobonyea ubavuni, limewekwa juu ya kreti ya bia iliyogeuzwa, kando ya uwanja wa vumbi. Hapo ni Kamikatsu, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Tokushima, kisiwa cha Shikoku. Ukitoka Tokushima mjini, nilikokuwa nasoma, ni mwendo wa kama saa moja kwa gari, unapandisha na mto Katsuura mpaka masikio yanaziba. Wanauita mji, lakini wakazi wake hawafiki 1,500, na zaidi ya nusu wamevuka miaka 65. Mimi nauita kijiji, na sijaona mwenyeji aliyenibishia.

Ilikuwa Oktoba, wikendi ya Siku ya Michezo. Hii ni sikukuu ya taifa iliyoanza 1966 kukumbuka ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, tarehe 10 Oktoba 1964. Siku hizi huangukia Jumatatu ya pili ya mwezi. Mijini watu hulala. Kule mlimani vitongoji vilikuwa vinakutana kwenye gateball.

Kama hujawahi kuiona, usiidharau. Ilibuniwa Hokkaido mwaka 1947 na Suzuki Kazunobu, kwa ajili ya watoto, wakati ule wa baada ya vita ambapo hata mpira wa raba ulikuwa adimu na mbao ndizo zilizokuwepo. Baadaye wazee wakawanyang'anya watoto mchezo wao, na hawajaurudisha. Timu mbili za watu watano watano, mipira kumi, mitano myekundu na mitano myeupe, fimbo yenye kichwa kama nyundo, vigoli vitatu vidogo vya chuma na nguzo moja katikati. Kupita kigoli ni pointi moja, kugonga nguzo mwishoni ni mbili. Dakika 30 zikiisha, zimeisha.

Ukisikia hivyo utadhani ni mchezo wa kupunga upepo. Subiri kwanza. Mpira wako ukigusa wa mpinzani, unaruhusiwa kuukanyaga wako, ukaubana wa mwenzio pembeni yake, kisha ukapiga wako huku umeushikilia kwa mguu. Wako haujongei. Wa mwenzio unaruka mpaka nje ya mstari, na kazi yake ya dakika ishirini imekwenda na maji. Bibi mmoja wa miaka 84, mgongo umepinda kama jembe, alinifanyia hivyo mara tatu katika mchezo mmoja. Kila mara aliinamisha kichwa kwa adabu na kusema samahani. Kisha anapiga.

Mimi nilikuwa mchezaji wa kuazima. Kitongoji kilichonialika kilikuwa na watu wanne tu wanaoweza kusimama nusu saa, wa tano akawa mwanafunzi kutoka Tanzania ambaye hajui kushika fimbo. Una sekunde kumi za kupiga tangu namba yako iitwe. Yangu ya kwanza ilipita nikiwa bado nauliza mpira wangu ni upi. Uwanja mzima ukacheka, na mwamuzi akacheka pia, ila zamu hakunirudishia.

Tulipokwenda pembeni tukamiminiwa chai. Rangi yake kama asali iliyotiwa maji. Harufu ndiyo iliyonishtua: achari ya ndimu, ile iliyokaa juani siku nyingi. Ukiinywa, uchachu unakuja taratibu kama wa ukwaju mwepesi, halafu koo linabaki safi. Haina sukari wala maziwa. Wanaiita Awa bancha. Awa ni jina la zamani la eneo lile, na bancha wanaiandika kwa herufi yenye maana ya "chelewa", kwa sababu majani yake huchumwa wakati wakulima wengine wameshasahau habari za chai mpya ya masika.

Namna inavyotengenezwa ndiyo iliyonifanya nianze kuwa na maoni. Tunajua chai kuwa ni jani changa, ncha ya juu na mawili yanayofuata. Hawa hungoja Julai, jani limekomaa na kuwa gumu, kisha hulipura tawi zima kwa mikono, shwaa, mpaka mti unabaki uchi. Vidole huvalishwa vitambaa, la sivyo ngozi inabanduka. Miti yenyewe mingi haikupandwa kwa mistari; imejiotea kwenye kuta za mawe zinazoshikilia matuta ya mpunga. Majani huchemshwa kwenye sufuria kubwa juu ya moto, katikati ya joto la kiangazi, yakasuguliwa ili yajeruhike, kisha yakashindiliwa kwenye pipa la mbao. Juu humwagiwa maji yale yale yaliyoyachemsha, kifuniko, halafu mawe mazito mazito.

Hapo yanavundikwa. Si kama ndizi, maana hewa haitakiwi hata kidogo. Ni bakteria wa ukoo wa wale wanaogandisha mtindi wanaofanya kazi ndani ya giza la pipa, kwa wiki mbili, tatu, wengine zaidi. Hakuna anayenunua hamira. Bakteria wapo tayari, kwenye majani, kwenye mbao za pipa, kwenye kibanda chenyewe. Ndiyo maana kila nyumba ina ladha yake, na majirani wanaopakana ukuta huweza kubishana jioni nzima chai ya nani ni kali kuliko ya nani. Pipa likifunguliwa, majani hutandazwa kwenye mikeka juani. Mvua ikinyesha siku hiyo, mwaka umeharibika.

Sasa, mwaka 2021 serikali ya Japani iliuingiza ufundi huu wa Awa bancha kwenye orodha ya urithi muhimu wa mila usioshikika. Ni heshima, na wenyeji wanastahili. Lakini tangu hapo nimesoma makala chungu nzima zinazozungumza kana kwamba chai hii imeokolewa. Imeokolewa na nani? Cheti hakichumi majani. Hakiwezi kuinua jiwe la kilo thelathini na kuliweka juu ya pipa.

Nitasema nilichokiona, na atakayebisha abishe. Chai ile inaokolewa pale uwanjani, kati ya mchezo na mchezo.

Nilikaa kwenye ile turubai ya bluu nikijifanya napumzika, masikio yakiwa wazi. Wazee hawakuwa wanazungumza gateball. Mmoja alikuwa anatafuta nani ana mashine ya kusugulia isiyo mbovu. Mwingine alikuwa anamwomba kijana aliyehamia kutoka mjini aje achume kwenye ukuta wake mwakani, maana yeye hapandi tena. Malipo ni sehemu ya majani. Mama mmoja alikuwa anauliza, kwa sauti ya chini, kama pipa la marehemu jirani limeshachukuliwa. Hakuna kikao kilichoitishwa kwa mambo hayo, na wala hakihitajiki. Sisi tungesema msaragambo, ila huku unapangwa huku mtu ameshika bakuli la chai ya mwaka huu, anaionja, na kwa kuionja anajua kwa nani kuna kazi nzuri na kwa nani mikono imechoka.

Kwa hiyo mtu akiniambia mashindano haya ni burudani tu ya wazee, na ufundi wa chai ndio urithi, namwona amekigeuza kitu juu chini. Ufundi unaweza kuandikwa na kupigwa video. Kinachokufa haraka ni kile cha kujuana vya kutosha kumwomba mtu aache kazi zake mwezi wa Julai aje aungue mvuke nyumbani kwako. Siku mashindano yatakapofutwa kwa kukosa timu, mimi nitaanza kuhesabu mapipa.

Sitaki nionekane nimelewa mahaba ya milimani. Kuna mengi ya kulalamikia. Kuwachumisha watu wa miaka themanini katika joto la nyuzi 35 si utamaduni, ni upungufu wa vijana uliovishwa nguo nzuri. Na mashindano yenyewe yana ulazima wake wa kimyakimya. Usipotokea, hakuna atakayekuuliza, lakini wiki nzima utasalimiwa kwa kifupi. Kijana mmoja wa kuhamia aliniambia angependa kulala Jumapili moja tu kwa mwaka. Nilimwelewa kabisa. Hata hivyo alikuwa yupo pale, na ndiye aliyekwenda kujaza birika.

Halafu lile birika. Kamikatsu inajulikana duniani kwa taka: mwaka 2003 walitangaza nia ya kuzimaliza kabisa, na wakazi huzichambua kwa makundi zaidi ya 40, kila mtu anazipeleka mwenyewe kituoni kwa sababu gari la taka halipo. Wageni huja na daftari kujifunza. Mimi nilichojifunza ni kwamba katika mashindano yale sikuona chupa ya plastiki hata moja, na hakuna aliyehutubia kuhusu mazingira. Kila mtu alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani. Ukijua kwamba chupa utaiosha, utaitoa kifuniko, utaibandua karatasi, utaikausha na kuipeleka mwenyewe, birika linaanza kuonekana lina akili.

Bibi wa miaka 84 alishinda, bila shaka. Zawadi ya kwanza ilikuwa mfuko wa mchele mpya, ya pili sabuni ya vyombo, na sisi tulioshika mkia tukapewa maboksi ya tishu. Alipokuwa anafungasha mchele wake akaniuliza kwetu tunakunywa nini. Nikamwambia chai. Akafurahi, kwao ni cha, kwetu chai, neno moja kutoka Uchina lililopita njia mbili likatukuta wote wawili. Nikaharibu furaha yake nilipoongeza maziwa, tangawizi na vijiko vitatu vya sukari. Aliniangalia kama mtu aliyesikia habari ya msiba.

Kisha akanipima kwa macho, kuanzia viatu mpaka kichwani, na kuniuliza nina kilo ngapi. Nikamwambia themanini na mbili. Akamwita mwanawe, akamwambia kitu kwa ile lahaja yao ya mlimani ambayo sikuwa naielewa vizuri, wakacheka. Mwanawe ndiye aliyenifafanulia: majani yakijazwa kwenye pipa lazima yashindiliwe mpaka hewa yote itoke. Wengine hutumia mchi. Kwao hupanda mtu akakanyaga, na tangu baba yake afariki hakuna tena mzito nyumbani.

Bibi alikuwa ameshatoa kalenda ndogo kwenye mkoba, anauliza Julai nitakuwa na mitihani mpaka tarehe ngapi.