Nani amchore binadamu wa kesho?

Wapo wanaosema mageuko ya binadamu yamekwisha. Tuna chanjo, dawa na miwani, kwa hiyo uteuzi asilia, yaani maumbile kuwabakiza wanaofaa na kuwachuja wengine, hauna tena wa kumchuja. Dai hilo ni kweli nusu. Kwa sehemu kubwa ya historia, karibu nusu ya watoto walikufa kabla ya utu uzima; leo, duniani kwa jumla, wanaokufa kabla ya miaka 5 hawafiki watano kati ya mia. Chujio limelegea kweli. Lakini uteuzi haungoji vifo tu: mradi baadhi ya watu wanazaa zaidi ya wengine, na sababu yake kwa kiasi fulani ni ya kurithi, unaendelea kimyakimya.

Tatizo la mageuko ni mwendo wake. Uwezo wa watu wazima kumeng'enya maziwa ulienea katika miaka 10,000 hivi iliyopita, na hiyo kwa wanabiolojia ni mbio. Maabara haina subira ya namna hiyo. Mbinu ya CRISPR ya kukata na kurekebisha jeni ilitangazwa mwaka 2012, na mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zilikuwa zimeshaidhinisha tiba inayoitumia, Casgevy, ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Seli zinazozalisha damu hutolewa kwa mgonjwa, hurekebishwa na kurudishwa mwilini mwake.

Tiba hiyo sina ugomvi nayo, ukiacha bei yake ya dola milioni 2.2 nchini Marekani. Badiliko linaishia kwa mgonjwa mwenyewe. Ubishi unaanza pale kinaporekebishwa kiinitete, yaani mimba changa ya siku chache, kwa sababu hapo wajukuu na vitukuu nao wanarithi. Mwanasayansi He Jiankui alilifanya jambo hilo China, akatangaza Novemba 2018 kuzaliwa kwa mapacha ambao jeni yao ya CCR5, inayovipa VVU mlango wa kuingia kwenye seli, ilikuwa imeguswa ili isifanye kazi na VVU visiwapate. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu.

Wanaotetea njia hiyo wana hoja nzito. Maumbile hayana huruma, na kumwachia mtoto ugonjwa unaoweza kuzuiwa nako ni uamuzi. Wapinzani hujibu kwamba mtoto hajaulizwa. Jibu hilo halinishawishi: hakuna aliyewahi kuulizwa arithi nini.

Kinachonishawishi ni uchache wa tunachokijua. Jeni ya selimundu, ukiirithi kwa wazazi wote wawili, ni ugonjwa. Ukiirithi kwa mmoja tu, inakukinga dhidi ya malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954. Ni kasoro au ni ngao? Inategemea kama kuna mbu wa malaria unapoishi. CCR5 nayo ina upande wa pili: ambao kwao haifanyi kazi huumia zaidi wakipatwa na virusi vya West Nile. Na wanaoota watoto warefu au wenye akili za ajabu wazingatie kwamba utafiti wa mwaka 2022 ulihusisha urefu pekee na sehemu zaidi ya 12,000 za vinasaba. Akili haitakuwa rahisi zaidi.

Tena tumewahi kuona watu wakijipa kazi ya kuamua nani azae. Jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha sheria ya kuwahasi watu kwa nguvu mwaka 1907, na waliounga mkono sheria za aina hiyo walijiona wanasayansi. Tofauti ya leo ni kwamba shinikizo huenda lisitoke serikalini bali sokoni, kwa wazazi wanaoogopa mtoto wao asiachwe nyuma.

Jambo linalosahaulika katika mabishano haya ni kwamba familia nyingi hazihitaji kurekebisha kiinitete. Wazazi wawili wenye nakala moja moja ya jeni ya selimundu wanaweza kutungishiwa mimba maabara, viinitete vikapimwa, kikachaguliwa kisicho na ugonjwa. Wanaobaki bila njia hiyo ni wachache: mume na mke ambao wote wawili ni wagonjwa, kwa kuwa kila kiinitete chao kitakuwa na nakala mbili. Kama mlango huo utafunguliwa siku moja, ningekubali ufunguliwe kwa hao kwanza, na baada ya mbinu yenyewe kuacha kukata mahali pasipokusudiwa. Anayetaka mtoto mrefu asubiri nje.