Chokoleti mdomoni mwa glasi, nusu inatosha

Kwenye kicheni pati moja Tabata, mwezi wa Desemba, tulipokelewa na juisi ya pasheni ndani ya glasi zilizozungushiwa chokoleti. Zilipendeza, sikatai, na simu zilitoka kabla hata ya mtu kuonja. Dakika kumi baadaye kila mama pale mezani ana masharubu ya kahawia, na shoga yangu aliyevaa gauni jeupe anasugua kifua kwa tishu. Tukaomba mirija. Chokoleti yote ikarudi jikoni kuoshwa.

Kosa la kwanza ni hali ya hewa. Siagi ya kokoa huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, ndiyo maana chokoleti inayeyuka ulimini. Sasa Dar ya Desemba, chini ya turubai, watu mia mbili, unategemea nini? Kuna wanaoongeza kijiko cha mafuta ya nazi ili chokoleti iteleze vizuri kwenye kisahani. Huko kwenye baridi sawa, lakini sisi tunajua mafuta ya nazi yanaganda Lushoto au Njombe. Hapa mjini muda mwingi ni maji. Ukiyatia, umeilainisha zaidi.

Kosa la pili ni pasheni yenyewe. Wapo mafundi wanaotia pasheni ndani ya chokoleti na ikatoka tamu ajabu, ila hao wameiunganisha jikoni. Juisi chachu inayopita juu ya chokoleti ya maziwa ni vitu viwili vinavyogombana mdomoni. Chumvi ya margarita, kile kileo cha ndimu kinachozungushiwa chumvi mdomoni mwa glasi, ina kazi yake, inapunguza ukali wa ndimu. Chokoleti nayo itafutiwe kazi: kahawa baridi ya maziwa, au juisi nzito ya parachichi. Waindonesia huinywa ya parachichi na chokoleti tangu zamani, tena wao huichirizisha ndani ya glasi, upande wa ndani kabisa. Nguo za wageni zinasalimika.

Nikifanya nyumbani, naweka bakuli la chokoleti nyeusi juu ya sufuria ya maji ya moto, bakuli lisiguse maji. Tone moja la maji likiingia, chokoleti inashikana mabonge na hiyo sherehe imekwisha. Glasi iwe kavu na isitoke kwenye friji, maana kwa unyevu wetu itatoa jasho na chokoleti iteremke yote. Nachovya nusu tu ya mdomo, nanyunyiza korosho zilizosagwa, halafu ndipo glasi inaingia friji dakika kumi.

Nusu, ili anayetaka anywe upande wa chokoleti na asiyetaka aigeuze. Mama mkwe wangu huigeuza. Akimaliza kahawa, anaigeuza tena, anaikwangua chokoleti kwa kijiko cha chai akidhani hatumwoni.