Mzinga wa Futari

Kwetu Pemba kila pikipiki ni honda. Ije kutoka China, ije kutoka India, maadamu ina magurudumu mawili na inatoa moshi, ni honda. Basi honda yangu ya Kichina, cc 125, ilipata kikohozi wiki ya pili ya Ramadhani. Nikiiwasha inapumua "fss-fss" pale shingo ya ekzosi inapokamatana na injini, na nikiachia mkono wa mafuta kwenye mteremko inafyatua: "pa!" Kidogo tu, wakati huo. Mwenye akili angeipeleka Wete kwa fundi. Mie nilikuwa nimefunga, na baina ya alasiri na magharibi mtu aliyefunga hujiona anaweza kila kitu, ilimradi apoteze muda.

Ile gasketi ya shingoni, kipete cha shaba, ilikuwa ishaliwa. Nati mbili za namba 10 zinazoikaza zilikuwa na kutu tele, kwa hewa yetu hii ya chumvi. Ya kwanza nilibembeleza kwa mafuta ya taa ikatoka. Ya pili nikaitia spana, ikazunguka laini kabisa, nikafurahi, kumbe inazunguka na stadi yake, ile bolti iliyopandwa kwenye injini. Imekatika.

Sikukata tamaa. Nikakata kipete kwa mkasi kwenye mkebe wa maziwa, nikakipaka silikoni nyekundu, nikakaza nati moja iliyobaki, na upande wa pili nikazungusha waya wa uzio mara sita. Mama akapita na ndoo, akasimama, akaangalia.

"Hiyo honda au umeitia hirizi?"

Ningeishia hapo, ingekuwa salama. Lakini bisibisi nilishaishika. Jirani yangu wa bodaboda alichungulia plagi, akaiona nyeusi kama chungu. "Inakula mafuta mengi hii. Fungua skrubu ya hewa raundi mbili." Maneno ya haki kabisa, kama skrubu ingekuwa ya hewa. Kabureta, zile zinazochanganya hewa na petroli, ziko namna mbili: skrubu ikiwa upande wa filta inapima hewa, ukiifungua injini inapata hewa zaidi, ikiwa upande wa injini inapima mafuta, na ukiifungua unamwaga petroli. Yangu ilikuwa upande wa injini. Nikaifungua raundi mbili, na ya tatu nikaongeza kwa ajili ya baraka.

Hebu fikirini basi nilichokitengeneza. Petroli isiyoungua inaingia ekzosini. Ukiachia mafuta, ekzosi inavuta hewa ya nje kupitia tundu la shingoni. Petroli, hewa, na bomba la moto. Mie hayo nilikuja kuyaelewa baadaye. Siku ile nilisikia imenguruma vizuri, nikasema alhamdulillahi, nikaenda kununua mkate.

Umeme ulikuwa umekatika tokea alasiri, kwa hivyo kipaza sauti cha msikiti kilikuwa bubu na mitaa yote imetega masikio kumsikiliza muadhini kwa mdomo wake. Kila nyumba watoto wako barazani, kazi yao kusikiliza na kupiga ukelele ndani. Narudi kwa barabara ya Gando, mikate kifuani, dakika nane kabla ya magharibi. Silikoni ishaanza kunuka kama kandambili zinazoungua. Nikafika mteremko wa kwa ami yangu, nikaachia mafuta.

DUM!

Wallahi mie mwenyewe nililala juu ya tangi. Mkebe ulitoka shingoni ukaruka migombani. Kuku walipanda mwembe. Ng'ombe wa jirani alikata kamba, na nasikia alipatikana isha. Halafu kikapita kimya, na ndani ya kimya kile nikasikia watoto wa barazani wanapokezana, nyumba hadi nyumba: "Tayariii! Tayariii!"

Niliirudisha honda kwa kuisukuma. Kufika kwa ami, mjukuu wake keshanitangulia anatweta: "Babu, bado! Ile ilikuwa honda!" Ami yuko mkekani. Tende tatu zishapita, kikombe cha uji wa pilipili manga kitupu, na mkono uko kwenye mbatata za nazi. Ukaganda hapo hapo.

"Honda?"

"Honda, babu."

Akanigeukia. "Zamani mjini Unguja futari ikipigiwa mzinga. Nikasema leo Serikali imetukumbuka na sisi Pemba."

Nilitaka kucheka nikaona si mahala pake. Ami kasoma, hahitaji kuambiwa: aliyekula akidhani jua limetua, kumbe bado, anajizuia mpaka litue na siku ile atailipa. Akanawa mkono taratibu, akafunika bakuli kwa kawa, na tukakaa wawili tukitazamana mpaka adhana. Dakika nne zile zilikuwa ndefu kuliko mchana wote.

"Siku hii ntailipa mie," akasema, "au itafunga honda yako?"

Baada ya sikukuu nilikwenda kwa fundi Wete. Alipouona waya wangu aliwaita wenzake waje watazame. Akaitoa stadi iliyokatika, akatia gasketi mpya, akaiacha injini ipate moto, akaifunga skrubu pole pole mpaka mwisho, akarudisha raundi moja na nusu akisikiliza kama tabibu. Wiki moja baadaye plagi ilikuwa rangi ya kahawia, vile inavyotakiwa. Alinitoza kidogo. Waya akauweka, kasema ataufundishia wanafunzi.

Jumatatu moja ya mfungo mosi, alasiri, mjukuu wa ami akaja nyumbani.

"Babu kasema leo analipa ile siku. Kasema nipe ufunguo wa honda."

Nikampa. Jioni nikaenda na mimi kufuturu kwao. Umeme upo, kipaza sauti kikanguruma Allahu Akbar mpaka bati likatikisika. Ami kashika tende mkononi, hajaila. Akaniangalia kwa pembe ya jicho.

"Hii adhana," akasema, "au umeitia kitu chengine?"