Deni la jirani: vibadilika vikae wapi ndani ya makro?

Msimu wa masoko ya tumbaku unapofika Urambo na Kaliua, mkoani Tabora, karani wa chama cha msingi cha ushirika hukaa mbele ya lahajedwali ya Excel yenye jina la kila mkulima, uzito wa mabelo yake, bei, mkopo wa pembejeo na malipo yanayobaki. Makro, yaani programu ndogo ndani ya Excel iliyoandikwa kwa lugha ya VBA, hupita mstari kwa mstari na kukokotoa. Chama kimoja kiliniita baada ya mkulima ambaye hakukopa hata mfuko mmoja wa mbolea kukuta amekatwa fedha, na kiasi alichokatwa kililingana hadi shilingi ya mwisho na deni la mkulima aliyeandikwa juu yake.

Wote tulianza kulichunguza sharti la makato ndani ya makro. Lilisema kwamba mkopo ukizidi sifuri, makato yawe sawa na mkopo, nalo halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye umri wa kibadilika, yaani jina linalobeba thamani. Aliyeiandika makro hiyo, kijana aliyejifunza programu kwa lugha ya Java, alitangaza «makato» kwa neno Dim ndani ya kitanzi, yaani sehemu inayorudiwa kwa kila mkulima, akiamini kwamba kila mzunguko unaanza na makato mapya, kama ambavyo angetarajia katika lugha aliyoizoea. VBA haiendi hivyo. Kibadilika kilichotangazwa ndani ya kitanzi huishi mpaka makro nzima imalize kazi, na kupita tena kwenye Dim hakukirudishi kwenye sifuri. Kwa kuwa sharti halikuwa na Else, yaani agizo la kufuata lisipotimia, asiyekopa alirithi deni la jirani. Mstari mmoja wa kuyarudisha makato kwenye sifuri mwanzoni mwa kila mzunguko ulimaliza tatizo.

Wengi wangeshauri kuweka Option Explicit, agizo linalolazimisha kila kibadilika kitangazwe, juu ya moduli, yaani ukurasa zinamoandikwa makro, nami naiweka siku zote, kwa sababu bila hiyo jina lililokosewa herufi moja huzaa kibadilika kipya kitupu ambacho kwenye hesabu huchukuliwa kuwa sifuri. Lakini hapa isingesaidia, maana jina lilikuwa limetangazwa vizuri.

Linabaki suala linalowagawa waandishi wa makro: vibadilika vitangazwe juu ya moduli, ambako kila makro iliyomo inaviona, au kila makro ifungiwe vyake? Wanaopendelea juu ya moduli wana hoja ya haki. Bei ya tumbaku ikitajwa kwa dola ya Marekani na mkulima akalipwa kwa shilingi, makro ya malipo, ya makato na ya muhtasari zote zinahitaji kiwango kilekile cha kubadilishia fedha. Kukipitisha kutoka makro moja hadi nyingine kunamtaka karani ujuzi ambao hakuajiriwa kwa ajili yake, na kwa kweli nimeona makro zilizofungiwa kila kitu zikawa ngumu kusomeka kuliko tatizo zilizokusudiwa kulitatua.

Hata hivyo kibadilika cha juu ya moduli hakifi makro inapomaliza. Hubaki na thamani yake faili la Excel likiwa wazi, kiasi kwamba jumla iliyokusanywa asubuhi huongezewa ya mchana karani akibonyeza mara ya pili. Kosa likitokea na akachagua kusitisha, thamani hufutika, na makro inayofuata hutoa jibu sahihi kana kwamba haikuwahi kukosea. Hitilafu inayokuja na kuondoka namna hii hula siku nzima, kwa sababu msakaji huendelea kulibadilisha sharti ambalo ni zima.

Kwa hiyo naegemea upande wa kufungia, isipokuwa kwa kiwango cha fedha, ambacho nakitoa kabisa ndani ya makro na kukiandika kwenye seli moja ya ukurasa wa kwanza, ambako hata wajumbe wa bodi wanakiona na kukihoji.

Na katika kusaka kosa, andaa wakulima wawili tu, wa kwanza mwenye mkopo na wa pili asiye nao, kisha bonyeza F8, kitufe kinachotekeleza makro mstari mmoja mmoja, ukiangalia «makato» yanabeba nini sharti linaporukwa. Mpangilio huo ni wa lazima. Kwa orodha ambayo wote wamekopa, makro ile ingetoa hesabu sahihi kila mara.