Jumanne ya Wapi?

Zamani muuza mtumba ulihitaji turubai na koo. Unafungua belo, unamwaga viatu, unapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mtu anainama, anachambua, anajaribu mguu mmoja, mnavutana bei, anaondoka na pea yake. Siku hizi koo halina kazi. Eti unatakiwa ujue saa ya kuposti picha Instagram.

Balaa hili kaniletea mpwa wangu, mtoto wa dada. Kaja sokoni Karume, kakaa kwenye kigoda changu, kala muhogo wangu, halafu ananiambia, "Anko, viatu vyako vikali, ila unaposti muda mbovu." Muda mbovu! Mimi naposti nikimaliza kupiga picha, sasa kuna muda gani mwingine? Akacheka kile kicheko cha watoto waliosoma, akanifungulia makala kwenye simu, imejaa rangi kama kanga. Jumanne saa tatu asubuhi, safi. Jumatano saa nne, safi zaidi. Jumapili usijisumbue.

Nikamuuliza, Jumanne ya wapi?

Akaniangalia utadhani nimetukana ukoo, na ukoo wenyewe ni wake pia. Lakini si swali la haki? Makala ya Wamarekani, waliochunguzwa Wamarekani. Saa tatu asubuhi ya New York huku kwetu ni saa kumi jioni. Tena hiyo ni wakati wa kiangazi chao. Ikifika Novemba wanarudisha saa nyuma, sasa inakuwa saa kumi na moja. Machi wanazisogeza mbele tena. Watu wazima, nchi tajiri, mara mbili kwa mwaka wanahangaika na mishale ya saa! Jua la Dar es Salaam linachomoza saa kumi na mbili hivi, mwaka nenda mwaka rudi, halijawahi kumsumbua mtu.

Haya, tuseme nimeposti hiyo saa kumi na moja. Mteja wangu yuko wapi? Yuko kituoni anagombania daladala ya Gongo la Mboto. Akifanikiwa kuingia, mkono mmoja uko kwenye bomba, wa pili umeshika mfuko wa suruali kwa nje ili simu isishuke kituo kimoja kabla yake. Huyo hata mama yake mzazi akipiga hapokei. Ndiyo aitoe simu aangalie raba zangu?

Mpwa akasema basi tutafute saa zetu wenyewe. Tukatafuta. Asubuhi watu wanakimbizana na watoto wa shule. Saa tatu wako ofisini, wanatumia intaneti ya bosi, hapo laiki zinamiminika, maana kulaiki ni bure. Mchana wanakula, mkono una mchuzi. Saa mbili usiku taarifa ya habari. Ikiisha, zinaingia tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili, na hapo nyumba nzima hairuhusiwi kukohoa. Saa nne ndiyo ungesema sasa watu wametulia, washike simu. Wanashika! Wanakuta bando limekata.

Nikajaribu saa sita usiku, wakati wa vile vifurushi vya bei poa. Wengi walikuwa wanashusha filamu, hawataki kusumbuliwa. Walioitikia walikuwa walinzi wa getini. Wateja wazuri sana walinzi, wanajua kiatu, wanauliza soli imeshonwa au imegundishwa. Nikauza buti. Tatizo mlinzi analipa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wa mlinzi anaujua mwajiri wake tu.

Wikiendi ndiyo usiseme. Jumamosi jioni mpira wa England unaanza, wanaume wote wamejazana vibanda umiza. Na ikiwa siku ya Simba na Yanga, funga biashara ukalale. Mimi siku hiyo niliweka raba nyekundu, nzuri, haina hata mkunjo. Nyekundu tu, sina nia mbaya. Akaja mmoja akaandika, "Hizo mtavaa kukimbilia kwenu." Akajibiwa. Naye akajibu. Wakatukanana pale ukurasani kwangu mpaka usiku wa manane, wakaingia na watu wa mikoani, sijawahi kupata komenti nyingi namna ile. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni namba ngapi.

Kinachoniuma ni kurasa za umbea. Wale hawana saa! Saa tisa usiku wanaandika "kimeumana", neno moja tu, na nchi nzima iko macho, bando limepatikana sijui wapi.

Halafu nikaja kusikia kwa kijana mwingine, fundi simu wa jirani, kwamba Instagram tangu 2016 waliacha kupanga picha kwa kufuata muda. Programu yenyewe inakuchagulia inachodhani utakipenda. Kwa hiyo nakesha nasubiri Jumanne, napiga picha mpaka natokwa jasho, na mteja anaiona Ijumaa. Kiatu kimeshauzwa, kimeshavaliwa, pengine kimeshaenda harusini, ndipo mtu anakuja mbio, "Bado ipo?" Ukimwambia hamna, ananuna. Ukimwambia ipo nyingine, anauliza, "Bei?" Na bei nimeiandika juu ya picha, maandishi makubwa kuliko kiatu.

Nimehamia status ya WhatsApp. Ile ina masaa ishirini na nne, ikifa imefa, hakuna kuletewa mteja wa wiki ijayo. Nimeijaribu asubuhi, mchana, usiku, na saa yoyote nikiweka, wa kwanza kuangalia ni yuleyule, mwenye nyumba wangu. Hajawahi kununua hata kamba. Miguu yake yenyewe ni ya kandambili tu. Yeye anahesabu mzigo. Nikiweka pea nyingi anaandika, "Naona belo limefunguka, hongera," na kesho yake anapita dirishani anapiga mluzi, tarehe ya kodi bado haijafika.

Mpwa akanionyesha pa kubonyeza ili mtu fulani asione status zako. Nikambonyeza mzee. Nikalala usingizi wa amani. Kesho yake jioni hodi mlangoni, kaja mwenyewe, kashika fimbo, uso umejaa huruma.

"Bwana mdogo, mbona siku hizi huweki viatu? Unaumwa?"