Buti la shemeji lilivyofia Magamba

Shemeji alianza kupanda milima ya Usambara mwezi wa nne akiwa kwenye kochi lake Tabata. Sisi wengine tulianza mwezi wa saba.

Grupu la watsap alilifungua yeye, uadmini akajipa peke yake, na kila siku asubuhi lazima atupie kitu, leo picha ya begi, kesho orodha ya dawa, keshokutwa voisi ndefuuu inaelezea umuhimu wa soksi. Sasa huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, na mahari kuna kipande bado nadaiwa, kwahiyo mi mle ndani nilikuwa natuma dole gumba tu, unaanzaje kubishana na mtu wa namna hiyo mambo ya soksi.

Kilichotumaliza ni mabuti. Aliyapata kwenye mtumba, gredi A, ngozi nzito ya kahawia, ya Ujerumani au Italia huko, soli nene ina meno, ukiyashika unasema haya hayajawahi kugusa ardhi. Na kweli yalikuwa hayajawahi, ndo msiba wenyewe ulipoanzia, ila ngoja tufike. Muuzaji alianzia laki na nusu, wakavutana mpaka elfu tisini, jioni ile ile grupu likapokea picha, shemeji kavaa buti na bukta, kaweka mguu juu ya stuli. Chini kaandika: "Hivi ndo viatu vya mlima. Raba ni za kwendea dukani." Dada yangu ambaye alishajiandalia raba zake akaleft. Tukambembeleza akarudi.

Kwa asiyeijua hiyo njia, unatoka Dar na basi mpaka Mombo, pale mnaachana na barabara kuu ya kwenda Moshi, gari linaanza kupanda na kona zake kupitia Soni, kilometa 30 na ushee, mpaka Lushoto mjini, ule mji Wajerumani waliuita Wilhelmstal wakawa wanakimbilia huko joto likiwazidi. Kuanzia hapo ni miguu. Unaingia msitu wa Magamba unatokea Lukozi, unalala, unaenda Rangwi kwa masista, unalala, halafu unaitafuta Mtae ambako mlima unakatika ghafla na chini kule unaiona hifadhi ya Mkomazi yote imetandazwa. Wazungu wanakuja na ndege kutembea hiyo njia. Wenyeji wanaipita na kabeji kichwani na hawana hata habari kwamba ni utalii.

Mama mkwe hakuwemo kwenye hesabu. Alisema anatusindikiza mpaka Lushoto tu amwone mdogo wake. Asubuhi ya kuondoka tunamkuta nje kashajifunga khanga kiunoni, miguuni raba za mjukuu wake, mkononi chapati na chupa ya chai ya tangawizi. Mama ni mzaliwa wa Soni huyu. Shemeji akaanza, mama huko njia ni mbaya, na kwa viatu hivyo hutaweza. Mama akamwangalia yeye, akayaangalia mabuti, akasema, "Njia hiyo nimeipita na mkungu wa ndizi kichwani na wewe mgongoni, na ulikuwa unalia." Tukaondoka.

Baridi ya Lushoto mwezi wa saba usiombe, sisi watu wa Dar tulivaa kila kilichokuwemo kwenye mabegi mpaka jirani yetu mmoja, yeye kazi yake safari nzima ilikuwa kurekodi, alivaa taulo shingoni akadai ni skafu. Ukungu umekaa kwenye miti, vimvua vya rasharasha vinakuja vinaondoka. Getini tukalipa kiingilio cha hifadhi, tukaingia. Muongozaji wetu alikuwa kijana mpole sana, ukimuuliza bado mbali anasema "pale tu", na hiyo pale tu yake ina mabonde mawili ndani yake. Lakini msitu anaujua. Akatuonyesha mbega, wale weusi wenye manyoya meupe ya kuning'inia, akamtoa kinyonga kwenye jani ambalo sote tulishalipita, shemeji anatembea mbele yake, mbele ya muongozaji jamani, anapiga buti chini kwa nguvu na kutugeukia, "mnasikia grip hiyo?"

Tukafika kwenye mwamba mmoja una unyevu unyevu, dogo muongozaji akasimama akaanza kutupa habari za ua fulani dogo la zambarau, asili yake ni hii milima yetu. Kwamba enzi za Mjerumani, mwaka 1892, kuna ofisa anaitwa Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka kwao, wakalipa jina lake, Saintpaulia, na leo Ulaya nzima watu wanaliotesha kwenye vyungu madirishani. Inameni muangalie kwenye mawe huko chini, akasema, mnaweza mkabahatika.

Tukainama wote. Ua hatukuliona. Tuliona soli.

Soli nzima, nyeusi, meno yake yote yapo, imelala katikati ya njia hatua chache nyuma yetu. Dada akasema nyie, kuna mtu kaangusha kitu. Na shemeji, wallahi sitii chumvi hapa, shemeji akatikisa kichwa akasema, "Watanzania tunachafua sana mazingira."

Halafu akapiga hatua.

Mlio wake siwezi kuuandika. Sote tukaangalia chini, na yeye akaangalia, akanyanyua mguu wa kushoto, akaugeuza taratibu. Ngozi ipo, kamba zipo, zimefungwa vizuri kabisa. Chini ndo hakuna kitu. Palipokuwa na soli kulikuwa na ile sponji ya katikati, na ukiigusa inamong'onyoka kama keki iliyosahauliwa wiki mbili kwenye friji, soksi inachungulia. Ile soksi ya kwenye voisi.

Sasa mimi nimesimama katikati. Mbele yangu shemeji, nyuma yangu mama mkwe, kicheko kimefika hapa kooni na mkwe hachekewi mwanae mbele yake, hata siku moja. Nikang'ata mkanda wa begi. Mke wangu alikuwa kashapotelea nyuma ya mti, nauona mti unatikisika. Jirani kamera imewaka, mkono unamcheza. Kimya kikatanda, mbega nao wakanyamaza, ndo mama mkwe akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Baba, hizi ndo zile ambazo si za kwendea dukani?"

Kumbe mama grupu anasoma! Hajawahi kuandika hata neno, sisi tunajua labda hata bando hana, kumbe voisi zote kasikiliza. Hapo sasa kibali kikapatikana, nikakaa chini kwenye matope nikacheka mpaka mbavu zikauma.

Shemeji hakucheka. Akasema la kulia zima, tunaendelea. La kulia lilikata roho kwenye kijito, tena lenyewe halikudondoka kistaarabu, lilifunguka kuanzia mbele, kila akinyanyua mguu linapanua mdomo, akikanyaga linafunga. Tukafungua begi lake kutafuta msaada. Alikuwa na filimbi, dira, tochi kibao, dawa ya nyoka, blanketi la kung'aa la dharura. Kamba hana. Dogo akatoa mfukoni mipira ya baiskeli, ile wanayofungia mizigo, akamfunga miguu yote miwili kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo bila kusema chochote, na hata bila kutabasamu, kijana ana adabu yule.

Tulipotokea mahali pa wazi simu zikashika mtandao. Kosa kubwa. Video ikapaa. Hatujafika hata Lukozi simu ya shemeji inaita, baba mdogo yuko Mwanza, anampa pole. Akakata, akapiga shangazi wa Morogoro, anauliza mguu umekatwa au umeteguka.

Lukozi ni soko la mboga, malori yanapakia kabeji na karoti usiku na mchana za kuleta huku Dar, na pembeni ya malori kulikuwa na fundi viatu kakaa kwenye kigoda. Mzee akalishika buti akalinusa, akaibonyeza ile sponji ikabaki unga kwenye kidole. Akatuambia haya anayapata sana, wateja wanaletewa mapya kabisa kutoka kwenye robota. Kiatu kimekaa kabatini kwa mzungu miaka na miaka, hakivaliwi, ile sponji inakunywa unyevu wa hewa inajiozea yenyewe kimya kimya, juu kiatu kinang'aa. "Kizee kilichovaliwa angalau soli ukiiangalia inakwambia hali yake. Hiki kinakudanganya." Shemeji akasema lakini ni gredi A. Fundi akasema ngozi ndiyo, gredi A.

Makatambuga alikuwa nayo yamening'inia, ila shemeji anavaa namba 46 na kubwa pale ilikuwa inaishia 43. Basi fundi akachukua kipande cha tairi la lori akakichora kufuata buti, akakata, akashona na uzi wa naironi, akamalizia na misumari. Mguu mmoja. Tairi likaisha. Wa pili akautoa kwenye tairi la pikipiki akipanga vipande vipande, sasa huu wa pili ukawa mfupi kuliko mwenzake, shemeji akisimama anaegemea Tanga. Elfu kumi na mbili. Hakuomba kupunguziwa.

Kesho yake njia ya kwenda Rangwi ilikuwa udongo mwekundu umelowa, na mimi natembea nyuma naziangalia zile nyayo, upande mmoja alama ya lori, upande mwingine alama ya pikipiki, hatua kwa hatua. Akatukuta mzee mmoja kabeba majani ya ng'ombe, kasimama anainamia zile alama, akatuuliza bodaboda imepita saa ngapi hapa, na kwa nini inaruka ruka. Hakuna aliyemjibu. Mke wangu akakaa tena chini. Kuna watoto walitufuata mpaka bondeni wakiitafuta hiyo bodaboda.

Rangwi masista wanapokea wageni, pasafi hapo, sakafu unaweza ukajitazama, supu ya moto, maji ya kuoga ya moto, ningekuwa sina majukumu ningebaki. Shemeji kaingia ukumbini kra kra kra na misumari yake. Sista mmoja mtu mzima akaziangalia zile kwaru za sakafuni, akafuatilia kwa macho mpaka zilipoishia, akasema kwa huruma, "Baba, hivyo viatu vitalala nje." Vikalala nje na asubuhi vilikuwepo, japo dada anadai alivipigia magoti viibiwe.

Mtae tulifika jioni. Wanasema hali ya hewa ikikubali unaiona Kilimanjaro, sisi tuliona ukungu, halafu ukafunguka kidogo tukaiona Mkomazi huko chini imepigwa na jua, nikasahau hata miguu inavyouma. Shemeji akaomba apigwe picha, kuanzia kiunoni kwenda juu. Jirani akampiga nzima.

Basi la kurudi Lushoto linaondoka usiku wa manane na mvua ilikuwa imenyesha. Hatujaenda mbali tukanasa kwenye kilima, tairi linazunguka tu palepale, kondakta akatushusha wanaume wote tusukume. Tunasukuma tunateleza, mi nimeanguka nimeinuka, jirani yeye kaanguka akaamua kubaki hukohuko chini. Kondakta anatumulika na tochi mmoja mmoja miguuni, alipofika kwa shemeji tochi ikasimama.

"We mwenye matairi, njoo hapa katikati."

Akawekwa katikati. Akainama, akakita lori na pikipiki yake kwenye tope, akasukuma jamani, na basi likatoka! Mama mkwe dirishani anapiga makofi na kikombe cha chai mkononi. Wakati tunapanda kondakta akammulika tena chini, akauliza, "Bro, hivi viatu vinapatikana wapi?"

Shemeji, tope mpaka kwenye nyusi, akamjibu, "Ni oda maalumu."